Ahadi ya Edison na Mtihani wa Barabara

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu mojawapo ilikuwa kuanika betri za redio juani. Redio ya nyumbani ilipoanza kusema kwa sauti ya mgonjwa, tulizitoa betri zake, ambazo watu wengi huziita mawe, tukazipanga juu ya bati tangu asubuhi hata alasiri. Zilirudi na nguvu kidogo, tukapata habari na nyimbo mbili tatu, kisha redio ikanyamaza tena. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulielewa vema mpaka nilipokuwa mwalimu: betri nzima na betri mbovu hufanana. Hakuna awezaye kuzitambua kwa kuzitazama. Hujulikana kwa kutumiwa, na kutumiwa huhitaji muda.

Katika redio jambo hilo ni dogo, maana redio ikinyamaza msikilizaji hulala mapema. Katika gari ni kubwa. Gari likizimika njiani, abiria hubaki gizani, mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali huenda asifike, na mwenye gari hubaki na deni la chombo kisichomfaa. Kwa sababu hiyo historia ya gari la umeme, kwa sehemu kubwa, ni historia ya swali moja: je, betri yake yaweza kutegemewa? Watu wengi hudhani ya kuwa swali hili limezaliwa majuzi pamoja na magari mapya tunayoyaona barabarani. Sivyo. Lina umri wa zaidi ya miaka 120. Mmoja wa watu waliojaribu kulijibu, tena kwa sauti kubwa, alikuwa Thomas Alva Edison wa Marekani. Nataka kueleza jinsi alivyoahidi, alivyokosea na alivyolipa kosa lake. Kisha tuone kama wajuzi wa siku zetu wamejifunza lolote kutokana naye.

Yafaa kwanza tukumbuke ya kuwa gari la umeme liliwahi kuwa mbele. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya kwanza iliyoweza kujazwa umeme tena baada ya kwisha. Alitumia mabamba ya risasi, yaani yale madini mazito ya kijivu, akayatumbukiza katika tindikali iliyochanganywa na maji. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, alipaka mabamba hayo uji mzito wa oksidi ya risasi, na betri ikaweza kuweka nguvu nyingi zaidi. Haikupita muda mrefu magari ya umeme yakatokea. Tarehe 29 Aprili 1899, karibu na mji wa Paris, Camille Jenatzy wa Ubelgiji aliendesha gari la umeme kwa mwendo wa kilomita 105 kwa saa, akawa mtu wa kwanza kupita kilomita 100 kwa saa ndani ya gari. Huko Marekani, hesabu ya magari yaliyoundwa karibu na mwaka 1900 inaonyesha magari 1,681 ya mvuke, 1,575 ya umeme, na 936 tu ya petroli. Mtu aliyeishi wakati ule asingeshangaa kuambiwa kwamba karne mpya itakuwa karne ya gari la umeme.

Lakini gari hilo lilikuwa na ugonjwa wa ndani. Uji uliopakwa juu ya mabamba ya risasi haukupenda kutikiswa. Kila gari lilipopita juu ya jiwe au shimo, chembe za uji huo zilibanduka zikaanguka chini ya chombo, na nguvu ya betri ikapungua. Betri ilipoachwa bila umeme kwa siku nyingi, mabamba yalifanya ukoko mgumu, na kuyafufua ilikuwa kazi. Maji yake yalihitaji kuangaliwa na kuongezwa. Zaidi ya yote, risasi ni nzito, hata sehemu kubwa ya nguvu ya betri ilitumika kuibeba betri yenyewe. Mwenye gari alikuwa kama mtu aliyeajiri hamali, kisha akalazimika kumbeba huyo hamali mgongoni.

Edison aliyaona hayo. Alikuwa amepita umri wa miaka 50, mwenye mali na sifa kwa sababu ya santuri na taa ya umeme. Yeye aliona ya kuwa tindikali na risasi ndizo asili ya matata, akaamua kuziacha zote mbili. Mahali pa tindikali alitia maji makali ya potasi, ambayo ni ya jamii moja na magadi tunayoyajua sisi; na mahali pa risasi alitia chuma na nikeli. Haki yataka tuseme ya kuwa hakuwa peke yake, kwa maana huko Sweden mvumbuzi Waldemar Jungner alikuwa akifuata njia hiyo hiyo kwa wakati huo huo. Lakini Jungner hakuwa na jina la Edison.

Mwaka 1901 Edison aliutangazia ulimwengu ya kuwa ameipata betri mpya, nyepesi kuliko ya risasi na yenye kudumu kuliko hiyo. Magazeti yakaichukua habari na kuieneza kabla ya mnunuzi wa kawaida kuiona betri hiyo kwa macho yake. Wazee wetu husema kwamba ahadi ni deni. Siku ile Edison alikopa kutoka kwa watu wote waliosoma habari zake, na muda wa kulipa ukaanza kuhesabiwa.

Tusimhukumu kwa haraka, kwa maana hakuwa mtu wa ovyo. Aliyatuma magari yenye betri zake yakimbie maelfu ya maili katika barabara mbovu za New Jersey, ili yatikisike kwa makusudi. Husimuliwa pia ya kuwa betri zilitupwa chini kutoka madirisha ya juu ya maabara yake, kisha zikachunguzwa kama bado zafanya kazi. Betri zilifaulu mitihani hiyo, naye akafungua kiwanda na kuanza kuziuza.

Kisha malalamiko yakaanza kurudi. Baadhi ya vyombo vya betri vilivuja kwenye maungio. Betri nyingine hazikuvuja, lakini zilipoteza nguvu mwezi baada ya mwezi. Sababu yake ilikuwa imejificha ndani. Kampaundi ya nikeli iliyotumika haikupitisha umeme vizuri, kwa hiyo Edison alikuwa ameichanganya na vipande vidogo vya grafiti, yaani ile dutu nyeusi iliyomo katika penseli, ili viwe daraja la umeme. Baada ya kujazwa na kutumiwa mara nyingi, madaraja hayo yalilegea. Betri ilikuwa na chakula tele ghalani, lakini njia ya kwenda ghalani ilikuwa imekatika.

Hapa tujiulize: mbona kasoro hizo hazikuonekana katika majaribio? Jibu lake ndilo kiini cha somo hili. Wapo watahini wawili ambao mvumbuzi hawezi kuwaita kwenye maabara yake kwa urahisi. Wa kwanza ni wakati. Unaweza kuitupa betri dirishani leo na kesho, lakini huwezi kuipitisha miaka mitano katika miezi mitano. Wa pili ni wingi. Betri kumi zilizotengenezwa na mafundi hodari, mbele ya macho ya mwalimu wao, ni kitu kimoja; betri elfu nyingi zinazotoka kiwandani, moja baada ya nyingine, ni kitu kingine. Kasoro inayotokea mara moja katika elfu haionekani katika kumi. Huonekana pale tu kitu kinapokuwa mikononi mwa watu, na watu hao ndio wanaolipa ada ya mtihani bila kuulizwa.

Edison alipoufahamu ukweli huo alifanya jambo ambalo wafanyabiashara wachache hulifanya. Kati ya mwaka 1904 na 1905 alisimamisha kazi ya kiwanda, akarudisha betri mbovu na kurudi maabara, ingawa bado wanunuzi walikuwapo. Angeweza kuendelea kuuza na kuwalaumu wenye magari kwamba hawajui kuzitunza. Hakufanya hivyo. Kwa muda wa miaka mitano alifanya majaribio yaliyohesabiwa kwa maelfu, na gharama ya kazi hiyo ilizidi dola milioni moja. Aliiondoa grafiti kabisa. Badala yake alitengeneza vijiti vya chuma vilivyo wazi ndani na vyenye matundu madogo ubavuni, akavijaza kampaundi ya nikeli na majani membamba sana ya nikeli halisi, tabaka juu ya tabaka. Tena aliongeza kiasi kidogo cha lithiamu katika yale maji makali, betri ikazidi kudumu. Mwaka 1909 alirudi sokoni. Safari hii betri ilikuwa kama alivyosema: ngumu, yenye kuvumilia kutikiswa, kujazwa kupita kiasi na hata kusahauliwa. Haikukosa upungufu, maana ilikuwa ghali, na nguvu zake zililegea wakati wa baridi kali. Lakini deni la kudumu lilikuwa limelipwa.

Lilikuwa limelipwa, ila mkopeshaji alikuwa amekwisha kuhama. Katika miaka ile ambayo Edison alikuwa akitafuta kosa lake, gari la petroli halikumngojea. Mwaka 1908 Henry Ford alianza kuuza gari lake la Model T, ambalo bei yake ilizidi kushuka mwaka baada ya mwaka. Gari la petroli lilikuwa na aibu moja kubwa: kuliwasha kulitaka mtu azungushe hendeli kwa mkono, na hendeli hiyo iliweza kuvunja mkono wa aliyeizungusha. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yanayowashwa kwa mota ndogo ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering. Nayo mota hiyo ilipata nguvu zake kutoka betri ya risasi! Betri iliyoshindwa kulivuta gari la umeme ndiyo iliyomwondolea adui yake udhaifu wake mkubwa. Mwaka 1914 Edison na Ford, ambao walikuwa marafiki, walifanya mpango wa kuunda gari la umeme la bei nafuu, lakini gari hilo halikufika sokoni. Betri ya Edison ikaenda kufanya kazi nyingine: katika taa za wachimba migodi, katika ishara za reli, na katika magari ya mizigo. Iliendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1970.

Je, Edison alikosea kusimamisha kiwanda? Methali zetu huonekana kupingana hapa. Moja husema haraka haraka haina baraka. Nyingine husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa maoni yangu, kosa lake halikuwa kungoja. Kosa lake lilikuwa ahadi ya mwaka 1901. Alitangaza mwanzoni kitu alichokuja kukipata baada ya miaka minane, na katika muda huo imani ya watu iliyochoka kungoja ikaenda kwingine. Kusimamisha kiwanda kulimtia hasara ya fedha, lakini kuliokoa jina lake. Kama angaliendelea kuuza, angalipoteza vyote viwili.

Wapo wengine wa zamani waliolijibu swali la betri kwa unyenyekevu zaidi. Katika mji wa Hartford, Marekani, kampuni ya umeme ya mji huo ilianza katika miaka ya 1910 kuwaruhusu wenye magari ya mizigo kununua gari bila betri. Betri ilikuwa mali ya kampuni. Ilipokwisha nguvu ilibadilishwa na nyingine iliyojaa, na mwenye gari alilipa kwa kadiri ya maili alizokwenda. Hivyo hatari ya betri kuharibika ilibebwa na yule aliyeijua betri. Vilevile huko Uingereza maelfu ya magari madogo ya umeme yaligawa maziwa nyumbani kwa watu kila alfajiri kwa miongo mingi, nayo yalitumia betri ile ile ya risasi yenye lawama nyingi. Yalifaulu kwa nini? Kwa sababu yalipewa kazi iliyolingana na nguvu zao: njia fupi, mwendo wa polepole, na kurudi nyumbani kila siku kujazwa na kuangaliwa na watu waliojua kazi yao. Kutegemewa, basi, hakumo ndani ya betri peke yake. Kumo pia katika kazi iliyopewa na mikono inayoitunza.

Sasa tuje katika zama zetu. Betri inayoendesha magari ya leo ni ya lithiamu, na chanzo chake ni kazi ya watu kadhaa: Stanley Whittingham katika miaka ya 1970, John Goodenough mwaka 1980, na Akira Yoshino wa Japani mwaka 1985. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Yoshino naye alikuwa na mtihani wake unaofanana na lile dirisha la Edison. Mwaka 1986 betri ziliangushiwa pande la chuma. Ile yenye madini matupu ya lithiamu ililipuka moto. Ile aliyoiunda yeye haikuwaka. Mwaka 1991 betri za namna hiyo zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony kwa ajili ya vyombo vidogo, na baada ya miaka isiyofika ishirini zikaingia ndani ya magari.

Je, wakati na wingi waliwasamehe wajuzi wa leo? Hawakuwasamehe. Gari la Nissan Leaf lilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010. Kufika mwaka 2012, wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, ambako joto ni la jangwa, walilalamika ya kuwa betri zao zinachakaa upesi kuliko walivyotazamia. Joto huchakaza betri ya lithiamu, na betri ya gari hilo haikuwa na mtambo wa maji wa kuipoza. Kampuni ikaongeza dhamana mpya juu ya kiasi cha nguvu ambacho betri lazima ibaki nacho, na baadaye ikabadili kemikali zake. Hapo mtahini alikuwa wakati, akisaidiwa na jua. Mwaka 2021 alikuja mtahini wa pili. Kampuni ya General Motors ililazimika kuyaita magari yote ya namna ya Chevrolet Bolt, yapatayo 140,000, kwa sababu machache yalikuwa yameshika moto. Ilionekana ya kuwa kasoro mbili ndogo za kiwandani, zikikutana ndani ya seli moja, zaweza kuleta moto. Seli nyingi mno hazikuwa na kasoro yo yote. Lakini nani angejua ni ipi iliyo nayo? Wenye magari waliambiwa wayaegeshe nje, mbali na nyumba zao, mpaka yatakapotengenezwa.

Mtu anayesikia habari hizo aweza kukata tamaa na kusema kwamba betri ni kitu cha hila. Mimi nasoma ndani yake jambo lingine. Mwaka 1904 mnunuzi alikuwa na tegemeo moja tu, nalo ni moyo wa mwenye kiwanda. Leo magari mengi ya umeme huuzwa na dhamana ya betri ya miaka minane, iliyoandikwa na yenye nguvu ya sheria, na katika nchi nyingi serikali huweza kumlazimisha mtengenezaji kurudisha chombo chenye hatari. Lile ambalo Edison alilifanya kwa hiari limegeuzwa kuwa wajibu. Hayo ni maendeleo, ingawa hayaonekani kwa macho kama gari lenyewe.

Habari hizi zinatuhusu hapa Kenya. Tangu mwaka 2022 mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria mjini Nairobi, na bodaboda za umeme zinaongezeka. Mwendeshaji wa bodaboda hufika kituoni, huacha betri iliyokwisha nguvu, na huondoka na nyingine iliyojaa. Mara nyingi betri hiyo si mali yake, bali ya kampuni. Vijana wengi huona huo ni uvumbuzi wa jana. Msomaji wa insha hii anajua ya kuwa ulifanyika Hartford zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena kwa sababu ile ile: maskini asibebeshwe hatari ya kitu ambacho hawezi kukichunguza. Barabara zetu zina vumbi, mashimo na miinuko, nazo hazikuwamo katika maabara yo yote ya ng'ambo. Mtihani wa betri hizo katika nchi hii ndio kwanza umeanza, na watahiniwa ni watu wanaotafuta chakula cha siku.

Huenda mmoja wenu akawa fundi, mwingine mfanyabiashara, mwingine mtunga sheria. Siku moja ataletewa chombo kipya kinachong'aa, na ataombwa akisifu. Na akumbuke betri zilizotupwa dirishani na kufaulu, kisha zikashindwa na miezi michache ya kazi ya kila siku. Na aulize maswali matatu kabla ya kusifu: kimetumika kwa muda gani, kimetumika na watu wangapi, na kikiharibika nani atalipa? Mwenye kuuza asipokuwa na jibu la swali la tatu, basi hata kama chombo chake ni kizuri, ahadi yake bado haijakamilika.